Kutafuta taarifa za soko na biashara kwa injini zilizochujwa: mwongozo kamili kwa mfano wa parachichi

Mtu anaandika "bei ya parachichi Ulaya" kwenye Google. Zinamjia blogu tano zilizonakiliana, video mbili na tangazo la dalali. Anachukua namba ya juu, anaiingiza kwenye andiko la mradi, na afisa mikopo anamuuliza swali moja tu: hii umeitoa wapi? Hapo andiko linarudi.

Kosa halipo kwenye bidii ya mtafutaji. Injini ya kawaida haijui ni nani aliyepima au kuhesabu. Inajua tu ni ukurasa gani unaofanana na maneno yako na unaotajwa sana. Injini iliyochujwa hufanya kazi tofauti: inatafuta ndani ya vyanzo ambavyo mtu ameshavichagua na kuvikagua, kama kanzidata za forodha, masjala za kampuni au orodha ya tovuti ulizoziteua mwenyewe. Matokeo huwa machache, lakini kila moja lina mwenyewe anayeweza kuulizwa.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: parachichi mbichi kutoka Njombe kwenda Uholanzi na Uingereza. Anayeuza korosho, karafuu au ufuta atafuata njia hiyo hiyo kwa kubadilisha msimbo wa forodha wa bidhaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta. Simu inatosha kusoma, lakini majedwali ya forodha yana safu nyingi na kwenye kioo kidogo utasoma mstari usio wako.
- Barua pepe unayoitumia kweli, kwa ajili ya kujisajili Trade Map (kanzidata ya biashara ya hatua ya 3), na akaunti ya Google kwa hatua ya 6.
- Programu ya majedwali, Excel au Google Sheets.
- Msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha bidhaa forodhani, tarakimu sita. Hatua ya 2 inaonyesha namna ya kuupata.
- Asubuhi nzima isiyo na haraka. Mara ya kwanza kazi hii huchukua saa tatu hadi nne.

Fedha karibu hazihitajiki. Vyanzo vingi vilivyotajwa hapa vina sehemu ya bure inayotosha; baadhi ya hati za masjala za hatua ya 5 huweza kuwa na ada.

## Hatua ya 1: Geuza hamu yako kuwa swali lenye kipimo

"Nataka kujua soko la parachichi" halijibiki. Swali linalojibika lina bidhaa, mahali, muda na kipimo: *Uholanzi iliagiza tani ngapi za parachichi kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, kutoka nchi zipi, kwa dola ngapi kwa tani?*

Andika maswali manne, usizidishe: ukubwa wa soko, bei ya mpakani, masharti ya kuingia, na uhalali wa mnunuzi. Kila swali lina injini yake. Ukiyachanganya utajikuta unatafuta bei kwenye masjala ya kampuni, na kuuliza habari za kampuni kwenye kanzidata ya forodha isiyotaja jina la mfanyabiashara hata mmoja.

Umefaulu ukiwa na sentensi nne zinazoishia na kiulizo, kila moja ikiwa na kipimo: tani, dola, asilimia au ndiyo/hapana.

## Hatua ya 2: Pata msimbo wa HS, kwa sababu kanzidata haisomi majina

Forodha duniani hutambua bidhaa kwa namba. Tarakimu sita za kwanza ni za pamoja kwa nchi zote zinazotumia mfumo wa HS; zinazofuata kila nchi au jumuiya hujiongezea. Parachichi ni 080440. Korosho yenye ganda ni 080131 na iliyobanguliwa ni 080132. Karafuu nzima ni 090710. Ufuta ni 120740.

Soma maelezo ya msimbo mpaka mwisho. 080440 inabeba parachichi mbichi *na* zilizokaushwa. Haibebi zilizogandishwa, ambazo ziko kundi la 0811, wala zilizosagwa na kuandaliwa, ambazo ziko sura ya 20, wala mafuta yake, yaliyo sura ya 15. Vilevile haitenganishi aina za parachichi kama Hass na Fuerte, wala za kilimo hai na za kawaida. Marekani hutenganisha Hass kwenye tarakimu zake kumi, lakini huwezi kuzilinganisha na za nchi nyingine.

Wengi huharibikiwa papa hapa. Anayechukua 0804, tarakimu nne tu, amechanganya parachichi na tende, tini, nanasi, maembe na mapera. Namba yake itakuwa kubwa na ya kuvutia, na haina maana.

Umefaulu ukiwa na tarakimu sita na sentensi moja uliyoiandika mwenyewe ikieleza nini kimo na nini hakimo.

## Hatua ya 3: Pima soko kwa Trade Map

Trade Map (trademap.org) ni ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC, kilichopo Geneva, chombo cha pamoja cha Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani. Jisajili, thibitisha barua pepe, ingia.

Fuata mpangilio huu:

1. Chagua upande wa uagizaji, si uuzaji nje. Sababu iko chini kidogo.
2. Andika 080440 kwenye kisanduku cha bidhaa na uiteue kwenye orodha inayoshuka.
3. Acha nchi zote kwanza, fungua viashiria vya biashara. Utaona waagizaji wakubwa wamepangwa kwa thamani.
4. Bofya Uholanzi uone nani anaiuzia.
5. Hamia kwenye mfululizo wa mwaka kwa mwaka, uchukue miaka mitano, mara moja kwa thamani na mara moja kwa tani.
6. Pakua kama faili la Excel. Usinakili kwa mkono. Sifuri moja ikidondoka utaitafuta wiki nzima.

### Kusoma jedwali bila kujidanganya

Thamani iko katika maelfu ya dola. Tuseme mstari unaonyesha 18,600 na tani 7,750. Hiyo ni dola milioni 18.6, si elfu kumi na nane. Gawanya 18,600,000 kwa 7,750 upate dola 2,400 kwa tani, yaani 2.40 kwa kilo, yaani 9.60 kwa boksi la kilo nne. Fanya hesabu hii mwenyewe kila mara, hata kama safu ya bei tayari ipo. Ikigoma kulingana, umesoma kipimo vibaya.

Bei hiyo si ya shambani. Kwa kawaida takwimu za uagizaji huwa na gharama ya mzigo, bima na usafiri hadi mpaka wa mnunuzi, na za uuzaji nje ni za mzigo ulipopakiwa tu. Kutoka kwenye 2.40 toa meli, kontena lenye ubaridi, bima, ufungashaji, usafiri hadi bandarini na matunda yatakayokataliwa. Kinachobaki ndicho cha kugawana na mkulima. Andiko linalozidisha 2.40 kwa tani za shamba limekufa kabla halijasomwa.

Uholanzi haili yote inayoagiza. Sehemu kubwa hushuka Rotterdam na kupelekwa Ujerumani, Ufaransa na kwingineko. Fungua pia uuzaji nje wa Uholanzi kwa msimbo uleule, kisha linganisha. Bila hatua hii utaamini kila Mholanzi anakula parachichi asubuhi, mchana na jioni.

### Angalia pande zote mbili za mpaka

Fungua jedwali la Uholanzi ikiagiza kutoka Tanzania, halafu la Tanzania ikiuza Uholanzi. Zisipolingana usishtuke. Mzigo ulioondoka Desemba unaweza kuhesabiwa Januari kule ulikofika. Gharama za usafiri zimo upande mmoja, upande mwingine hazimo. Na mzigo uliopita nchi jirani unaweza kuandikwa kwa jina la nchi ya mwisho ulikopakiwa.

Kwa sababu hiyo tumia upande wa mwagizaji kwa bei na kiasi, kisha andika tofauti uliyoiona. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Upande mmoja ukiwa mara mbili au tatu ya mwingine, hiyo yenyewe ni taarifa: bidhaa yako inasafiri kwa njia ambayo karatasi haziisemi vizuri, na inafaa uwaulize mawakala wa forodha.

### Takwimu za kila mwezi

Jumla ya mwaka huficha kitu kimoja muhimu, nacho ni msimu. Fungua takwimu za kila mwezi za Uholanzi na uweke Peru kando ya Tanzania na Kenya. Peru huijaza Ulaya kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Gawanya thamani kwa tani mwezi baada ya mwezi, uone bei inaposhuka na inapopanda, kisha weka miezi yako ya kuvuna juu yake. Jedwali hilo la mistari kumi na miwili lina faida kuliko kurasa arobaini za maelezo ya jumla, na ni wachache sana wanaolitengeneza.

Umefaulu ukiwa na jedwali la miaka mitano, jedwali la miezi kumi na miwili, na bei kwa kilo uliyoikokotoa mwenyewe.

*Ikikwama:* jedwali likija tupu, mara nyingi nchi husika haijaripoti mwaka huo. Rudi nyuma mwaka mmoja, au jaribu UN Comtrade (comtradeplus.un.org), kanzidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, kwa msimbo uleule. Kwa uzalishaji, yaani tani zilizovunwa badala ya zilizouzwa nje, nenda FAOSTAT, kanzidata ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa; haihitaji kujisajili. Kila mstari una alama inayoonyesha kama namba ni rasmi au ni makadirio. Isome, uinakili pamoja na namba.

## Hatua ya 4: Masharti ya kuingia

Fungua Access2Markets ya Tume ya Ulaya. Chagua bidhaa 080440, nchi ya asili Tanzania, nchi ya kufikia Uholanzi. Ukurasa mmoja utakupa ushuru, kodi za ndani, taratibu na hati.

Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, inaingiza parachichi bila ushuru chini ya EBA, mpango wa Umoja wa Ulaya unaofuta ushuru wa bidhaa zote za nchi hizo isipokuwa silaha. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Inatumia mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ndiyo maana nchi ya asili lazima uijaze vizuri: mzigo ni uleule, bandari inaweza kuwa ileile, ila hati ni tofauti. Sifuri ya EBA nayo haiji yenyewe. Kwa mzigo unaozidi euro 6,000, muuzaji anapaswa awe amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa wauzaji nje waliosajiliwa, ndipo tamko lake la nchi ya asili ya mzigo likubalike.

Uingereza ina injini yake, ukurasa wa ushuru kwenye gov.uk. Usichukue jibu la Uholanzi ukalipeleka London. Mpango wa Uingereza kwa nchi zinazoendelea, DCTS, ni mwingine na umeanza Juni 2023.

Kisha fungua kurasa mbili ambazo wauzaji wengi hawazijui:

Kanzidata ya viuatilifu ya Umoja wa Ulaya. Tafuta parachichi, msimbo wake hapo ni 0163010. Andika majina ya viambato vya dawa unazopulizia, si majina ya kibiashara ya kwenye chupa. Utapata kiwango cha juu cha mabaki kwa miligramu kwa kilo. Ambako hakuna kiwango maalumu, kinachotumika kwa kawaida ni 0.01, kiasi kidogo mno; dawa moja isiyofaa wiki chache kabla ya kuvuna inatosha kukuangusha.

RASFF Window, ukurasa wa mfumo wa Ulaya wa tahadhari ya haraka kuhusu chakula. Hapa zimo taarifa za mizigo ya chakula iliyotiliwa shaka au kukataliwa Ulaya. Chuja kwa nchi ya asili na kundi la matunda na mboga. Haitaji majina ya kampuni, lakini inataja kilichokutwa. Kiambato kimoja kikijirudia kwa majirani zako, anza kukikagua shambani kwako leo.

Kwa upande wa nyumbani, hati ya afya ya mimea hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: TPHPA Tanzania na KEPHIS Kenya. Taratibu za kuuza nje zimepangwa hatua kwa hatua kwenye trade.tanzania.go.tz na infotradekenya.go.ke.

Umefaulu ukiwa na orodha ya hati, kiwango cha ushuru chenye tarehe uliyokiona, na jedwali la dawa zako na viwango vyake.

## Hatua ya 5: Mhakiki mnunuzi kabla ya kumtumia sampuli

Tafadhali usiiruke hatua hii. Kontena moja la matunda lisilolipwa linaweza kuifunga kampuni ndogo na kuwaacha wakulima wasio na kosa na madeni.

Muombe mnunuzi namba ya usajili na namba ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Mnunuzi wa kweli hutoa bila kinyongo.

- Uingereza: ingia masjala ya Companies House, bure. Tazama hali ya kampuni, tarehe ya kuanzishwa, wakurugenzi, na kama hesabu zimewasilishwa kwa wakati. Tazama pia msimbo wa shughuli. Muuzaji wa jumla wa matunda na mboga huwa 46310. Kampuni ya miezi mitatu inayoagiza makontena kumi, msimbo wake ukiwa wa ususi wa nywele, achana nayo.
- Umoja wa Ulaya: ingiza namba ya VAT kwenye VIES, ukurasa wa Tume ya Ulaya wa kuhakiki namba hizo. Jibu ni halali au si halali. Baadhi ya nchi huonyesha jina na anwani, nyingine hazionyeshi.
- Tanzania na Kenya: kwa dalali au mshirika wa hapa, tumia mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, au omba CR12 ya Kenya, hati inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen.

Kuwepo kwenye masjala si cheti cha uaminifu. Ujanja unaotumika sana ni kuazima jina na namba za kampuni halisi, kisha kuandika kutoka barua pepe inayofanana nayo kwa kuzidisha au kupunguza herufi moja. Kinga yake ni rahisi: tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni, chukua simu iliyo pale, piga, uulize kama wanamfahamu mtu huyo. Usipige namba iliyo kwenye barua pepe aliyokutumia. Angalia pia umri wa jina la tovuti kwenye lookup.icann.org. Kampuni inayodai miaka ishirini huku tovuti yake ikiwa na wiki sita inahitaji maelezo.

Umefaulu ukiwa na picha ya ukurasa wa masjala yenye tarehe, na jina la mtu aliyepokea simu ofisini kwao.

## Hatua ya 6: Tengeneza injini yako mwenyewe

Kanzidata hutoa namba. Sababu za namba hizo ziko kwenye ripoti, taarifa za wizara na tafiti za soko, zilizotawanyika kila mahali. Zikusanye kwa Programmable Search Engine, huduma ya Google ya kujitengenezea injini ya kutafuta.

1. Fungua programmablesearchengine.google.com, ongeza injini mpya, uipe jina.
2. Chagua kutafuta ndani ya tovuti maalumu tu.
3. Ingiza tovuti moja moja. Kwa mfano wetu: `nbs.go.tz`, `bot.go.tz`, `kilimo.go.tz`, `tantrade.go.tz`, `tphpa.go.tz`, `knbs.or.ke`, `kephis.go.ke`, `fao.org`, `intracen.org`, `cbi.eu`.
4. Maliza, kisha hifadhi anwani ya injini yako kwenye alama za kivinjari. Wenzako wa ushirika unaweza kuwatumia.

CBI ni taasisi ya Uholanzi inayosaidia wauzaji wa nchi zinazoendelea kuifikia Ulaya, na tafiti zake za soko ni za bure. Usiiache.

Tovuti kumi nzuri zinashinda sitini. Ukiongeza gazeti au blogu kwa sababu tu ulisoma makala moja nzuri, umerudisha kelele uliyokuwa unaikimbia.

Unapotafuta, andika kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, kwani taarifa za wizara Tanzania mara nyingi ni za Kiswahili na tafiti ni za Kiingereza: `avocado Njombe`, halafu `parachichi Njombe`. Kwenye Google ya kawaida njia ya mkato ni `site:go.tz filetype:pdf parachichi`. Usiache nafasi baada ya nukta pacha. Ukiacha, amri haifanyi kazi.

Injini hii haiwezi kuingia ndani ya majedwali ya Trade Map wala FAOSTAT, wala kuona ripoti ambayo Google haijaifikia. Ripoti iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa pia inaweza isijitokeze, hivyo fungua ukurasa wa machapisho wa taasisi uipitie orodha kwa macho.

Umefaulu kama ukurasa wa kwanza wa matokeo hauna blogu hata moja, na angalau ripoti mbili zinaeleza kupanda au kushuka ulikokuona hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Andika chanzo papo hapo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na namba ni mali. Fungua jedwali la safu saba: swali, namba, kipimo, mwaka wa takwimu, chanzo, anwani ya ukurasa, tarehe uliyoifungua. Jaza kabla hujafunga ukurasa. Takwimu za forodha hurekebishwa, kwa hiyo namba ya mwaka jana inaweza kusomeka tofauti mwezi ujao. Tarehe yako ndiyo itakayokutetea mbele ya afisa mikopo.

Namba yoyote uliyopewa na programu ya akili bandia, au na muhtasari unaotokea juu ya matokeo ya Google, iache nje ya jedwali mpaka umeikuta kwenye chanzo chenyewe, ikiwa na mwaka na kipimo.

Rudia hatua ya 3 mara mbili kwa mwaka, na hatua ya 4 wiki moja kabla ya kila msimu wa kupulizia dawa, kwa sababu viwango vya mabaki hubadilishwa mara kwa mara. Hatua ya 5 irudie kwa kila mnunuzi mpya, na hata kwa mnunuzi wa zamani siku atakapokuandikia kwamba amebadilisha akaunti ya benki.